RAM ya kompyuta ya zamani: kwa nini si kila inayolingana urefu inafaa

Jijini Mwanza kompyuta ya miaka 15 bado ni kompyuta. Utaikuta kwenye steshenari za Makoroboi, ofisi za shule, hata studio ambako vipindi vyetu huhaririwa. Ikianza kuwa nzito, ushauri wa kwanza huwa kuiongezea RAM iliyochomolewa kwenye mashine iliyokufa. Ushauri si mbaya, ila una mitego.

RAM ni sehemu ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, na hutengenezwa kwa vizazi. Kwa kompyuta za mezani, DDR ya kwanza ina pini 184 na hutumia volti 2.5. DDR2 ina pini 240 na volti 1.8. DDR3 nayo ina pini 240, lakini volti 1.5. Hapo ndipo wengi hunaswa: ukizishika mkononi, DDR2 na DDR3 zina urefu uleule. Kinachozitofautisha ni pengo dogo upande wa pini, ambalo kila kizazi kimewekewa mahali pake makusudi. Ikigoma kukaa, usiisukume. Ukiilazimisha unaweza kuvunja sehemu ya kuchomekea au kuunguza bodi.

Kampuni kuwa moja hakusaidii. Dell OptiPlex 755 na OptiPlex 780 ukiziweka mezani ni kama ndugu, lakini ya kwanza hutumia DDR2 na ya pili DDR3.

Mtego mwingine ni RAM za seva. Pengo linaweza kulingana, ikaingia vizuri, na kompyuta isiwake. Soma lebo: PC3-10600U ni ya kompyuta ya kawaida, PC3-10600R ni ya seva. Ni herufi moja tu ya mwisho.

Spidi zikitofautiana, kwa kawaida zote hufuata iliyo ya polepole; hilo halina madhara. Ila usinunue bure: Windows 7 ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiweka 8.

Kompyuta isipowaka, angalau umejua kuna tatizo. Ya kuogopwa ni ile inayowaka huku RAM ni mbovu, maana huharibu mafaili kimyakimya. Mimi nilipoteza hivyo mahojiano na wavuvi wa Igombe: niliyahifadhi jioni, asubuhi faili halikufunguka. Fikiria yangekuwa matokeo ya wanafunzi.

Kwa hiyo, nakili kwanza kazi zako kwenye diski ya nje. Chomoa waya wa umeme ukutani, si kuzima tu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kuishika RAM, na ishike pembeni, si kwenye pini. Ukishaiweka, endesha programu ya Memtest86+, ambayo ni ya bure, usiku kucha kama umeme unaruhusu. Ikionyesha kosa hata moja, usiamini kompyuta hiyo na kazi yoyote hadi ujue kosa limetoka wapi. Mara nyingi ni hiyo RAM uliyoongeza.