Uvundo katika mashine ya kufulia: chanzo chake na namna ya kuuondoa

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, nguo iliyoanikwa jioni wakati wa mvua mara nyingi hukutwa asubuhi ikiwa bado mbichi. Mji huo uko kando ya Ziwa Kivu, katika mwinuko wa takriban mita 1,460, na hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Katika mazingira hayo mashine ya kufulia iliyofungwa mlango haikauki, na taulo hutoka humo zikinuka uvundo. Kwa mwenye nyumba ya wageni, hiyo ni hasara.

Wengi huongeza sabuni na manukato, na hapo ndipo hukosea. Sabuni isiyosuuzika huchanganyika na mafuta ya mwili na nyuzi za nguo, ikaganda nyuma ya pipa na kufanya utando wa ute unaohifadhi bakteria na kuvu. Kufua kwa maji baridi kila siku huokoa umeme, lakini hakuuondoi utando huo. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja bakteria aitwaye Moraxella osloensis kuwa chanzo cha harufu ya nguo zilizofuliwa zikabaki na unyevu.

Kabla ya kusafisha, chomoa waya wa umeme. Kwenye mashine za mlango wa mbele, funua mikunjo ya mpira wa mlangoni, ambamo maji hutuama, na uifute kwa kitambaa na maji ya sabuni. Droo ya sabuni nayo itolewe na kusuguliwa. Kichujio kwa kawaida huwa chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Tanguliza beseni, kwani maji yatamwagika.

Kisha rudisha umeme na uendeshe mashine tupu kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi, ukitia siki au javel, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Viwili hivyo visichanganywe kamwe: hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, hatari kubwa katika bafu dogo lisilo na dirisha. Siki isitumiwe mara kwa mara, kwani hudhoofisha mpira.

Baada ya kila ufuaji, toa nguo mara moja na uuache mlango wazi kidogo, ila penye watoto wadogo pahitaji uangalizi, maana wanaweza kuingia ndani. Tahadhari ya unyevu ina uzito zaidi penye mgonjwa wa pumu, kwa sababu chembe za kuvu zinaweza kuchochea shambulio.

Harufu ikiwa ya maji machafu badala ya uvundo, kagua bomba la kutolea maji. Huenda limezamishwa mno katika mfereji wa maji taka, na hiyo ni kazi ya fundi bomba.