Virginia na sheria yake ya kifo

Machi 24, 2021, Gavana wa Virginia, Ralph Northam, alikwenda katika gereza la Greensville, akakitazama chumba walimokuwa wakiuawa wafungwa, kisha akatia saini sheria ya kufuta adhabu ya kifo. Hakuna jimbo la Marekani lililowahi kuua watu wengi kuliko Virginia kwa hukumu ya mahakama: zaidi ya 1,300, tangu Kapteni George Kendall alipopigwa risasi Jamestown mwaka 1608.

Wasimulizi wengi huanza na Kendall. Mimi naona ufunguo wa historia hii ni sheria ya mwaka 1848. Iliamuru mtu mweusi auawe kwa kosa lolote ambalo mzungu angefungwa miaka mitatu au zaidi. Na mtumwa aliponyongwa, serikali ilimlipa fidia bwana wake, maana machoni pa sheria kilichopotea ni mali.

Utumwa ulipokomeshwa, ubaguzi huo ulifutwa kwenye maandishi, ukabaki mahakamani. Kiti cha umeme kilianza kutumika Richmond mwaka 1908. Hadi kufikia 1951, wanaume 45 walikuwa wameuawa kwa kosa la ubakaji, na wote walikuwa weusi. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, waliiwekea mahakama takwimu hizo mezani walipowatetea wanaume saba weusi wa Martinsville, waliohukumiwa na majopo ya wanaume weupe watupu kwa kumbaka mwanamke mzungu. Majaji hawakutikisika. Wanne waliuawa Februari 2, 1951, na watatu siku tatu baadaye.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilisimamisha adhabu hiyo mwaka 1972, ikairuhusu tena 1976. Virginia ilirudi kazini mwaka 1982, na hadi 2017 ilikuwa imeua watu 113. Kanuni zake zilikuwa kali: siku 21 zikishapita tangu hukumu, mahakama ya kesi haikupokea tena ushahidi mpya. Earl Washington, mfanyakazi wa shambani mwenye ulemavu wa akili aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, alibakiwa na siku tisa tu za kuishi mwaka 1985 mawakili walipofanikiwa kuzuia asiuawe. Baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha hakuwa muuaji, naye akaachiwa huru mwaka 2001.

Katika miaka hiyo ya 2000 jimbo lilifungua ofisi za mawakili waliobobea katika kesi za aina hii. Mshtakiwa maskini akapata mtetezi wa kweli, na baada ya 2011 hakuna hukumu mpya ya kifo iliyotolewa. Kwangu mimi, tofauti hiyo inadokeza kuwa kuna waliouawa kwa kukosa wakili mzuri.

Agosti 31, 2021, Northam aliwapa msamaha wale saba wa Martinsville, akisema hawakutendewa haki mahakamani. Ulikuwa uamuzi sahihi, uliochelewa miaka 70.