Ngozi ya Kuwamba

Mbuzi akichinjwa Matisi, nje kidogo ya mji wa Kitale, ngozi yake ina njia mbili. Inaweza kutiwa chumvi na kuuzwa, ikaishia kiwandani na kurudi sokoni ikiwa kiatu au mshipi. Au inaweza kupigiwa vigingi chini, ikavutwa pande zote na kuachwa ikauke ikiwa imekazwa. Istilahi ninayoieleza hapa ni ya njia hiyo ya pili, ingawa wengi wakiisikia hufikiria ile ya kwanza.

Ni ile ngozi iliyoandikiwa vitabu kabla ya karatasi kuenea. Msomaji wa Biblia ameshakutana nayo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, 4:13, Paulo anapoagiza aletewe vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Kwa kawaida tunaiita ‘ngozi ya kuandikia’, na jina hilo linatosha kwa mahubiri na kwa somo la historia. Halimtoshi mhifadhi aliyeletewa ukurasa uliojikunja na anayetakiwa kuunyoosha bila kuuharibu. Linamwambia ngozi ilifanyiwa kazi gani, halimwambii ilitengenezwaje. Na huo utengenezaji ndio unaoamua ngozi itaharibikaje.

Ngozi ya kiatu hutiwa dawa: chumvi za kromu, au tanini inayotoka kwenye magome ya miwati, miti iliyopandwa kwa wingi huko Eldoret kwa ajili hiyo hiyo. Dawa hiyo hufungamanisha nyuzi za kolajeni, ile protini inayojenga ngozi, hata maji yakiingia zisiachane. Ngozi ya kitabu haipitii hatua hiyo. Ulaya ililowekwa kwenye maji ya chokaa, ikatolewa manyoya, ikawambwa kwenye fremu, ikaparwa kwa kisu chenye makali ya duara na kukaushwa ingali imevutwa. Mvuto huo hulaza nyuzi tabaka kwa tabaka, sambamba na uso wa ngozi. Hakuna dawa iliyozifunga. Zimeshikwa na mpangilio na ukavu tu. Unyevu ukirudi, ngozi hukumbuka umbo la mnyama na kuanza kujikunja.

Ndiyo maana napendekeza ‘ngozi ya kuwamba’. Kitenzi tunacho, na methali ya mwamba ngoma anayeivutia ngozi kwake inajulikana na kila mtoto wa shule. Isitoshe, ngozi ya ngoma na ya kitabu ni ndugu wa damu. Wapigaji ngoma wanaopasha ngozi moto ili sauti ipande wanafukuza unyevu kwenye kolajeni. Mtaalamu wa maabara angeeleza jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Wako watakaosema tukope tu neno la Kiingereza, tuseme pachimenti. Lakini nenda kwa wakulima wa kahawa wa Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, useme pachimenti: watakuonyesha buni iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba.

Istilahi ya pili inayofuatana na hii ni ‘halijoto ya kusinyaa’. Ukichemsha kwato za ng’ombe upate supu ya kongoro, ikipoa huganda, kwa sababu kolajeni imevunjika ikawa jelatini. Ngozi ya kuwamba nayo ikiloweshwa na kupashwa moto hufika mahali nyuzi zake zikajikunja ghafla na kuelekea huko huko kwenye jelatini; joto hilo ndilo halijoto ya kusinyaa. Kipimo chake ni rahisi kukieleza. Nyuzi chache mno, ambazo jicho huziona kwa shida, huwekwa kwenye kioo chenye tone la maji chini ya hadubini, kisha hupashwa moto polepole huku mtafiti akitazama ni lini zinaanza kujinyonga. Njia hii iliendelezwa sana na René Larsen na wenzake katika Shule ya Uhifadhi ya Copenhagen, Denmark. Ngozi mpya husinyaa karibu na nyuzijoto 60. Iliyozeeka vibaya huweza kusinyaa kwenye nyuzijoto 40, na iliyooza kabisa hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Mhifadhi akipata jibu la namna hiyo, anaweka maji kando.

Kwetu Afrika Mashariki miswada ya pwani iliandikwa kwenye karatasi. Makao makuu ya ngozi ya kuwamba yako Ethiopia, ambako huitwa birana. Injili za monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimeandikwa kwenye ngozi ya mbuzi, na vipimo vya kaboni viliziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Kipimo cha kaboni hula kipande cha ngozi, hata kikiwa kidogo. Kwa hiyo binafsi navutiwa zaidi na njia ya watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, iliyotangazwa mwaka 2015: wanasugua ukurasa kwa kifutio cha kawaida, wanachukua uchafu wa kile kifutio, na protini zilizonaswa humo zinawaambia kama mnyama alikuwa ndama, mbuzi au kondoo. Kitabu hakikatwi hata unyuzi.

Usidhani haya ni ya Ulaya na Ethiopia peke yao. Nje ya kuta za Jumba la Makumbusho la Kitale, katika maboma mengi ya Trans Nzoia na Bungoma, zimebaki ngoma za mababu. Ngozi zake hazikutiwa dawa yoyote. Kama unayo moja, usiipanguse kwa maji ya moto, usiipake mafuta ya kupikia, wala usiiache karibu na jiko. Ifute vumbi kwa brashi laini na kavu, uiweke mahali penye hewa, mbali na sakafu. Ikiwa imeshajikunja, mtafute mhifadhi kabla hujainyoosha.