Kutoka Piano ya Brewster Hadi Simu Iliyofungwa

Mwaka 1892 muuza piano mmoja wa Uingereza, Helby, alimkabidhi Charles Brewster piano kwa masharti ya kulipa shilingi kumi na nusu kila mwezi kwa miezi 36. Jumla yake ilikuwa pauni 18 na shilingi 18. Mpaka awamu ya mwisho ilipwe, piano ilibaki mali ya Helby, na Brewster alihesabiwa kuwa ameikodi tu. Miezi michache baadaye Brewster akaiweka rehani kwa mtu aitwaye Matthews na kuchukua pesa. Helby akadai chombo chake. Mahakama ya rufaa ilimpa haki Matthews, lakini mwaka 1895 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likatengua uamuzi huo. Brewster hakuwa amenunua kitu, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kuweka rehani. Matthews akala hasara.

Hukumu hiyo iliwafurahisha wenye maduka. Cherehani za Singer zilikuwa zikiuzwa kwa awamu Marekani tangu mwaka 1856, na mtindo huo ulikwisha vuka bahari, ila sasa muuzaji wa Uingereza alikuwa na uhakika: mali ni yake hadi senti ya mwisho. Uhakika huo ulizaa uovu wake. Kufikia miaka ya 1930 baadhi ya wauzaji walikuwa wakimvizia mteja aliyebakiza awamu chache, akichelewa kidogo tu wanatuma mabaunsa kubeba kabati au redio, kisha wanaiuza upya. Ellen Wilkinson, mbunge wa Jarrow, alipeleka bungeni muswada wa kuukomesha mchezo huo, ukawa sheria mwaka 1938. Kwa bidhaa zilizoguswa na sheria hiyo, mteja akishalipa theluthi moja ya bei, muuzaji hakuweza kuichukua mali bila amri ya mahakama.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1968, ile ya Sura ya 507, ikaweka kiwango juu zaidi: theluthi mbili. Chini ya kivuli chake maduka kama African Retail Traders yaliwauzia walimu na watumishi wa serikali magodoro, redio na seti za makochi, makato yakitolewa moja kwa moja kwenye mshahara. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro kubwa ya mtindo huo. Asiye na hati ya mshahara, yaani mama mboga, fundi wa baiskeli, mvuvi, mkulima, hakuwa na pa kupeleka ombi lake.

Mlango wa hao ulifunguliwa na M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007. Pesa ndogo ndogo ziliweza sasa kukusanywa kila siku bila karani wa kuzunguka na daftari. Nick Hughes, mmoja wa walioibuni huduma hiyo akiwa Vodafone, alishirikiana na Jesse Moore na Chad Larson kuanzisha M-KOPA jijini Nairobi, kampuni iliyoanza kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua mwaka 2012. Mteja alitoa kianzio, kisha akalipa takriban shilingi 50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja, kiasi kilicholinganishwa na kile ambacho familia nyingi zilitumia kwa mafuta ya taa. Ndani ya kisanduku cha mtambo kulikuwa na laini ya simu. Malipo yakiingia, taa zinawaka. Yakikoma, kisanduku kinazima umeme kwa amri itokayo mbali. Arusha nako, Off Grid Electric ilikuwa ikiuza umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo katika miaka hiyo hiyo.

Dalali wa kubeba mali za wadaiwa alikuwa amepoteza kazi, na wachache waliliona hilo wakati ule.

Kutoka taa kwenda simu ilikuwa hatua fupi. Julai 2020 Safaricom na Google walitangaza Lipa Mdogo Mdogo: kianzio cha shilingi 1,000, halafu shilingi 20 kwa siku, na mteja anaondoka na simu janja ya 4G. Programu ya kufuli ilikaa ndani ya Android yenyewe. Asiyelipa hubakiwa na mambo machache, kama kupiga simu za dharura. M-KOPA nayo iliingia kwenye simu, na Watu, kampuni iliyoanzia Mombasa kwa kukopesha pikipiki za boda boda, ikafuata. Tofauti ya simu na pikipiki inaeleza mengi. Pikipiki isiyolipiwa hufuatiliwa kwa mtambo wa kuonyesha ilipo, lakini mwishowe lazima mtu aende kuibeba, na mtu huyo anaweza kubishiwa, kuitiwa majirani, hata kupelekwa polisi. Kufuli la simu halibishaniwi.

Sheria ya zamani ilihesabu malipo: kadiri mteja alivyolipa, ndivyo haki yake ilivyokua. Kufuli linahesabu siku tu. Aliyebakiza wiki moja na aliyeanza jana hufungiwa sawasawa. Theluthi mbili za mwaka 1968 zilitungwa kumzuia mtu asiingie nyumbani kubeba kitu. Hapa hakuna aliyeingia; simu iko mfukoni mwa mwenyewe, haifanyi kazi. Wabunge wa 1968 hawastahili lawama kwa kutoliwaza hilo.

Ndiyo maana kumaliza deni mapema kumekuwa na uzito ambao mnunuzi wa kochi hakuujua. Pale ambapo bei ya mkopo imekwisha pangwa tangu mwanzo, anayelipa miezi mitatu kabla hapati nafuu ya hata shilingi, isipokuwa kampuni yenyewe iwe imeweka punguzo. Uingereza, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 ilimpa mteja haki ya kumaliza mapema na kupunguziwa gharama. Mkulima wa majani chai anayeingiza bonasi yake yote kwenye simu ananunua kitu kingine: asubuhi isiyo na hesabu ya shilingi 20, na simu anayoweza kuiuza akibanwa. Iliyo na deni haiuziki kwa mtu makini, maana kuifuta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani hakuondoi kufuli. Anayenunua simu kuukuu mitaa ya Luthuli jijini Nairobi bila kuuliza kama ilimalizwa anaweza kuyapata ya Matthews, tena bila kesi yoyote.

Marekani kufuli ni la aina nyingine, na Waswahili wa ughaibuni wanalijua vizuri: simu inafanya kazi, ila kwa laini ya kampuni moja tu. Anayetaka kumletea mdogo wake simu hiyo aliyoichukua kwa awamu kutoka kampuni ya AT&T hana budi kulipa deni lote kwanza, la sivyo itaikataa laini ya Nairobi au Dar es Salaam. Mwaka 2013 kuifungua bila ruhusa ya kampuni kulikuwa kosa kisheria, hadi zaidi ya watu 100,000 walipotia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani, na Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kuruhusu.

Kenya bado inatafuta mkono wa kulishika kufuli lake. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali ziliacha nje mkopo unaoambatana tu na uuzaji wa bidhaa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2024 yakapanua wigo wa wanaotakiwa leseni. Biashara haikusubiri. M-KOPA iligundua mapema, tangu enzi za taa, kwamba mteja aliyemaliza vizuri ndiye wa kukopeshwa tena: televisheni, jiko, hata karo ya shule, dhamana ikiwa mtambo ule ule aliokwisha ulipia. Akikubali, kufuli linarudi kazini.