Tuta la Gome la Kizibo

Wamarekani wajengao reli za mfano, zile za treni ndogo zinazozunguka juu ya meza, hukiita "roadbed" kile kinachokaa kati ya ubao na mataruma. Ukilifasiri neno hilo kipande kwa kipande unapata "kitanda cha barabara", na msomaji umeshampoteza. Barabara imo kwa sababu tu Wamarekani huiita reli barabara ya reli.

Mimi nasema tuta. Halihitaji kubuniwa: waliojenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro walianza na tuta, kisha kokoto, mataruma, na reli juu. Mkulima wa viazi vitamu naye analijua. Tena tuta lina mbavu zinazoteremka, na mbavu hizo ndizo hasa anazozitafuta fundi wa reli ya mfano.

Tazama anavyofanya. Katika uwiano wa 1:87, ambapo upana wa njia wa milimita 1,435 hushuka hadi 16.5, ukanda wa kutengenezea tuta huuzwa ukiwa na unene wa milimita 5 hivi na urefu wa karibu mita moja, umechanjwa katikati kwa mshazari. Fundi huuchana nusu mbili, huchora mstari wa kati wa njia kwenye plaiwudi, hupaka gundi, kisha hubandika kila nusu upande wake. Mshazari uliokuwa katikati sasa unatazama nje. Nusu moja hupinda kwenye kona kwa urahisi kuliko ukanda mzima, na maungio ya kushoto hayaachwi yakabiliane na ya kulia. Pini hushikilia mpaka gundi ikauke, msasa ukasawazisha juu. Kokoto zikimwagwa, hutulia kwenye mbavu zile kama kwenye njia halisi.

Na malighafi ya ukanda huo, "cork" kwa Kiingereza, tuiteje? "Koki" ingependeza, lakini koki hutoa maji. Bora gome la kizibo, kwani ni gome la mwaloni wa Ureno na Hispania, linalobanduliwa kila baada ya miaka 9 hivi bila kuukata mti, lile lile lizibalo chupa za mvinyo. Ndani limejaa vijumba vya hewa, kwa hiyo humeza mtikisiko. Reli ikipigiliwa kwenye plaiwudi tupu, meza nzima huvuma kama ngoma.

Njia kuu hupewa tuta kamili. Zile za kupangia mabehewa stesheni hulazwa chini zaidi, juu ya gome jembamba au ubao mtupu, maana ndivyo zilivyo stesheni nyingi za kweli. Hizo nisingeziita za tuta.