Tutaelewana: Historia Fupi ya Fundi wa Kujuana

Mwaka juzi Baba aliamua kuongeza vyumba viwili uani. Hakutafuta fundi mbali. Alimwita mtu aliyekua naye Upare, waliochunga mbuzi pamoja, wakaja Dar es Salaam kwa kupishana miezi michache tu. Fundi alikuja jioni, akazunguka ule uwanja kwa hatua, akakohoa, akakaa barazani. Mama akaleta chai. Baba akauliza: "Sasa ndugu yangu, ufundi wako utakuwa shilingi ngapi?" Jamaa akacheka, akamwambia: "Aa, mimi na wewe tena? Tutaelewana."

Ndugu msomaji, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na daftari langu la hadithi (nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, naandika riwaya ambayo haijaisha). Neno lile lilinipita kama upepo. Miezi mitatu baadaye wazee wale wawili walikuwa wanapigiana kelele mbele ya majirani, na mimi ndiye niliyetumwa kumwita mjumbe.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, hili "tutaelewana" lilitoka wapi? Wengi watasema watu wa siku hizi si waaminifu. Mimi nakataa. Baba si tapeli, na fundi yule si mwizi. Nadhani ugomvi wao una umri mkubwa kuliko wao wenyewe.

Tuanzie kijijini. Kule Upare kuna msaragambo, ambao ni wa kazi za wote: mifereji, ndiva za maji, njia. Lakini nyumba ya mtu mmoja ilisimama kwa kualikana. Mwenye nyumba alikusanya miti na fito, akaandaa chakula na dengelua, watu wakaja. Wengine wakachimba mashimo ya nguzo, wengine wakafunga fito, wanawake wakateka maji, udongo ukakanyagwa kwa miguu, kuta zikakandikwa. Hakuna aliyeuliza bei. Sisi vijana wa mjini tukisikia habari hizi tunadhani ilikuwa peponi, kila mtu anampenda mwenzake. Sivyo. Hesabu ilikuwepo, tena kali, ila iliwekwa kichwani. Ukila dengelua ya mwenzako leo, kesho akijenga yeye unakwenda. Usipokwenda, siku ya nyumba yako utakandika peke yako na mkeo. Malipo ya kazi yalikuwa kazi, na deni lilidumu miaka bila kuoza kwa sababu hakuna aliyehama.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko kulikuwa na fundi hasa, mtu aliyefundwa kazi na bwana wake kwa miaka, na alilipwa. Ukiingia katika nyumba za mawe za Unguja au Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti, ile miti ya mikoko, mingi ikitoka delta ya Rufiji: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Fundi alijua hilo, na alijua pia kupima kwa mkono, yaani kutoka kisigino cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Lakini kulikuwa na mkono mwingine, mkono wa konde, unaoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Hebu fikiria, mnapatana ukuta wa mikono ishirini, wewe moyoni una kidole kilichonyooka, fundi moyoni ana ngumi! Hata fundi mrefu na mwenye nyumba mfupi hawakuwa na mkono mmoja.

Kazi ikiisha, juu ya ujira palikuwa na kilemba, zawadi ya kumshukuru fundi. Kilemba kilitokana na heshima, hakikuwa deni. Lakini nani asiyejua kwamba zawadi ikishakuwa desturi inadaiwa?

Tena pwani ndiko lilikotoka neno kibarua. Katika karne ya 19, watumwa wa mjini Unguja walikodishwa kwa kazi za kutwa, na mtu alipewa kijikaratasi, barua ndogo, kuwa ushahidi wa siku yake. Alikitoa wakati wa malipo, na fedha akagawana na bwana wake. Karatasi ikaishia kuwa jina la mtu. Baadaye, wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge yakaleta kipande, kadi ya siku 30. Siku moja ya kazi, alama moja. Zikitimia 30 ndipo unalipwa. Babu yangu alikata mkonge Korogwe, na anasemekana alikuwa mtu wa kwanza nyumbani kwetu kusema "siku yangu ina bei." Aliporudi mlimani aliendelea kwenda kukandika nyumba za jirani bila kudai hata senti. Alijua sana hii ni kazi ya namna gani na ile ni ya namna gani. Sisi ndio tuliochanganya.

Na mahali pa kuchanganyia ni Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891, Waingereza wakauchukua 1916. Watu wa kila kabila wakaja na desturi zao za kujenga, wakakutana katika nyumba ya aina moja: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, baraza mbele. Kwanza ilikuwa miti, udongo na makuti. Nyumba hiyo jirani aliweza kukusaidia, kwa sababu udongo ni wa bure na kosa la mkandikaji linazibwa kwa tope la kesho yake.

Kilichobadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, na taratibu tofali likaushinda udongo. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa viwanja vyenye huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa, mtu anapewa kiwanja ajenge mwenyewe. Sasa saruji si tope. Mfuko ukishachanganywa na maji haukungoji mpatane. Fundi akikosea timazi, hela yako imekwisha kuganda ndani ya ukuta. Ukihitaji fundi, unahitaji fundi kweli, jirani mwenye moyo mwema hatoshi.

Lakini hela ya kumlipa fundi wa kampuni mtu wa kawaida angeitoa wapi? Benki ya Nyumba ilianzishwa 1973, ikafa 1995, na hata enzi zake wenyeji wengi wa uswahilini walijenga kwa mfuko wao: mwezi huu tofali hamsini, mwezi ule nondo. Kazi ya vipande vipande vile haina mkandarasi. Ina mtu unayemjua. Na usidhani unamwita kwa upendo tu. Unamwita kwa sababu unajua anakolala. Akila hela yako, mke wake unamfahamu, mama yake unamfahamu. Kujuana ndiyo dhamana ya asiye na dhamana. Naye fundi vilevile anakuja kwako kwa sababu kwako hawezi kufukuzwa getini.

Basi turudi uani kwetu. Ugomvi ulikuwa hivi. Fundi alisema ufundi wa vyumba viwili, toka msingi mpaka lenta, ni 900,000, ndiyo bei ya mtaa. Baba alisema 700,000, "maana wewe ni ndugu." Baba alidai ameshatoa 610,000. Fundi alidai amepokea 500,000. Wote wawili walikuwa wakweli! Ile 110,000 ilikuwa hela ya chai, 5,000 kila siku kwa siku 22. Kwa Baba ilikuwa sehemu ya malipo. Kwa fundi ilikuwa dengelua ya mwenye nyumba. Ndipo nilipomwelewa Babu: mmoja alikuwa anahesabu kwa kipande, mwingine kwa kualikana, na kila mmoja alibadilisha hesabu pale ilipomfaa. Kwenye bei Baba alitaka undugu, kwenye chai akataka ukarani. Fundi kwenye chai alitaka undugu, kwenye bei akataka soko.

Halafu kulikuwa na msingi, ambao uliongezwa kozi mbili kwa sababu udongo ulikuwa laini, na dirisha ambalo Mama aliliomba kwa mdomo siku ya Jumapili.

Sheria ipo, msiseme haipo. Sheria ya Mikataba ya 1961, ambayo tuliirithi kwenye ile ya India ya 1872, inakubali mapatano ya mdomo. Kifungu chake cha 70 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu akikufanyia kazi ambayo hakukusudia iwe ya bure, nawe ukanufaika nayo, unapaswa kumlipa. Kwa hiyo dirisha la Mama lilikuwa na bei. Na zamani zaidi ya India, wenyeji wa pwani walikwisha kufundishwa kumlipa kibarua jasho lake lisijakauka, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikuwatoa ndugu wala marafiki. Ajabu ni kwamba mtaani kwetu kuandika ndiyo tusi: "Kwani huniamini?"

Mjumbe wetu hakutaja kifungu chochote. Aliomba kamba. Akawaambia wazee wote wawili washike, mmoja huku mmoja kule, wapime msingi na kuta huku mimi naandika. Nadhani ujanja ulikuwa pale, maana huwezi kumtukana mtu mnayevuta naye kamba moja. Kisha akakata: kazi ya mwanzo 700,000, msingi na dirisha 100,000. Siku 6 ambazo saruji ilikosekana, fundi akakaa bure, chai yake haihesabiwi. Siku 16 inahesabiwa. Kwa hiyo Baba alikwisha lipa 580,000, anadaiwa 220,000. Alilipa kwa mafungu mawili kwa simu, na ujumbe wa simu ameuhifadhi mpaka leo.

Hela iliisha, kununa hakukuisha. Fundi alikuwa akipita kwetu anatazama upande wa pili wa barabara. Barazani nafasi yake ilikaa wazi karibu mwaka mzima, na bao Baba alicheza na watoto.

Mwezi uliopita tulitaka kupiga lipu. Mama alitaja fundi mwingine, Baba akanyamaza, halafu akaniambia nichane karatasi kwenye daftari langu. Akanitajia: vyumba viwili ndani na nje, bei, siku ya kuanza, nani ananunua mchanga. Nikaipeleka. Fundi alikuwa kwake anasafisha mwiko. Aliisoma mstari kwa mstari, akaniomba kalamu, akaongeza chini kwa mkono wake: "Hela ya chai ni nje ya bei." Akatia sahihi. Kisha akaniuliza kama mchanga umeshafika.