Kutoka Rangi ya Suruali Hadi /team

Amri ya kugawa wachezaji katika timu ni kongwe kuliko gemu la Minecraft lenyewe. Mwaka 1996, kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa gemu la Quake. Mchezaji akibonyeza kitufe cha ~, pazia la maandishi liliteremka juu ya skrini; hiyo ndiyo konsoli. Aliandika neno, akabonyeza Enter, na mchezo ukatii. Neno teamplay liliwasha uchezaji wa timu, na neno color likampa kila mmoja rangi ya shati na ya suruali. Timu ilitambulika kwa suruali: waliovaa rangi moja walikuwa wenzi, na aliyetaka kuhamia upande wa pili alibadili suruali, basi. Ulikuwa utaratibu wa kienyeji, lakini ulikuwa na jambo moja kubwa ndani yake. Rangi haikuwa pambo tena, bali sheria ambayo mchezo wenyewe uliijua.

Minecraft ilianza bila sheria hiyo. Markus Persson wa Sweden aliitoa hadharani Mei 2009, na konsoli ya seva zake za mwanzo ilikuwa hasa na kazi ya ulinzi: op ya kumpa mtu madaraka, kick ya kumtoa, ban ya kumfungia mlango. Waliotaka kushindana kwa makundi walipatana kwa mdomo. Walishika sufu nyekundu au ya buluu, na kuanzia Oktoba 2012 wakatia rangi deraya zao za ngozi. Seva kubwa zilitegemea programu za nyongeza, hasa zilizojengwa juu ya mfumo wa Bukkit. Penye mapatano matupu, mshale wa mwenzako ulikuumiza sawasawa na wa adui, na ugomvi wa nani alimpiga nani ulimalizwa na kelele.

Afrika Mashariki iliingia katika historia ya mchezo huu kipindi hichohicho, kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia. Mwaka 2012 waundaji wa Minecraft na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Nairobi, walianzisha mpango wa Block by Block. Kazi yake mojawapo ya kwanza ilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Wakazi walijenga mapendekezo yao bloku kwa bloku, ili hata asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aone mahali pa njia na mahali pa kukaa. Katika kazi ya namna hiyo hakuna amri inayounda timu. Timu ni wale waliobanana mbele ya kompyuta moja, wakipokezana kipanya na kubishana.

Amri yenyewe ilikuja Machi 2013, katika toleo 1.5. Iliwekwa ndani ya amri ya ubao wa matokeo, ikaandikwa kwa urefu: /scoreboard teams add. Tangu hapo mwenye madaraka aliweza kuunda timu, kuingiza na kutoa wachezaji, kuchagua rangi moja kati ya 16 na, jambo lililosubiriwa zaidi, kuzuia wenzi wasijeruhiane. Toleo 1.8 la mwaka 2014 liliongeza uwezo wa kuwaficha wapinzani majina yanayoelea juu ya vichwa. Toleo 1.9 la 2016 likaruhusu kudhibiti kusukumana kwa miili. Mwaka 2018, toleo 1.13 liliitoa amri ya timu kwenye ubao wa matokeo ikasimama peke yake: /team. Mwaka uliofuata, /teammsg ikawapa wenzi njia ya kusemezana bila wengine kusikia.

Utendaji wake unaonekana vizuri kwa mfano. Tuseme vijana wa Ipagala, Dodoma, wanataka kupambana na wenzao wa Chang'ombe katika dunia ya nyika na migunga, mandhari ambayo Minecraft imekuwa nayo tangu 2013 na ambayo mtu wa uwanda wa kati hahitaji kuelezwa. Mwenye kompyuta anafungua dunia yake kwa mtandao wa ndani, huku akiruhusu amri. Anaandika /team add ipagala, kisha /team modify ipagala color green, kisha /team modify ipagala friendlyFire false. Mwisho anaandika /team join ipagala na jina la kila mchezaji. Hapohapo majina yao yanageuka kijani. Upanga wa mwenzi unapita bila kuumiza. Lava aliyoimwaga njiani inaunguza kama kawaida, kwa sababu lava haina timu.

Kuna mtego mmoja unaowasumbua wengi. Mchezo humtambua mwanatimu kwa jina lake, herufi kubwa na ndogo zikihesabiwa. Tangu Februari 2015 wachezaji wanaruhusiwa kubadili majina. Anayebadili hurudi akiwa nje ya timu, huku jina lake la zamani likibaki kwenye orodha ya /team list kama la mtu aliyehama nyumba bila kuaga. Vilevile hakuna uanachama wa pande mbili: kuingizwa Chang'ombe ni kutolewa Ipagala papo hapo.

Yote haya ni ya toleo la Java, linalochezwa kwenye kompyuta. Toleo la Bedrock, ambalo ndilo la simu, lilikua miaka mingi bila amri ya /team. Msimamizi wa huko amezoea kutumia /tag, inayombandika mchezaji alama isiyoonekana ili amri nyingine ziweze kumchagua. Alama hiyo haibadilishi rangi ya jina wala haizuii mshale wa mwenzi. Kwa hiyo wanaocheza kwa simu hurudia njia ya 2012: deraya ya ngozi, rangi ya kijani, na makubaliano kabla ya kuanza.